Unataka kuvuta tela kubwa ya kempingi Texas? Anza na stika, leseni inafuata

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu, watoto wakianza kunusa likizo, simu yangu haipoi. Kaka nimeona RV (nyumba ya kusafiria) inauzwa, wewe si dereva wa semi (lori kubwa la tela), eti leseni yangu inatosha? Nami kila mmoja namjibu peke yake mpaka mdomo unakauka, kwa hiyo leo naandika mara moja, mwenye kuhitaji asome, hasa nyie mliofika Dallas na Houston juzi juzi mkaona watu wanaburuza nyumba nzima nyuma ya pikapu mkasema na sisi tunaweza. Mnaweza kweli. Ila kuna namba moja inabidi uijue kabla hujatoa hela.

Kwanza niwaambie aibu yangu. Mimi ninayo CDL Class A, yaani leseni ya udereva wa biashara wa malori makubwa, nimezunguka majimbo mengi na semi, kwa hiyo siku nilipojinunulia tela ya familia sikuwaza leseni hata dakika moja. Ni ile aina ambayo haifungwi kwenye bampa, inafungwa katikati ya mgongo wa pikapu kama semi inavyokaa kwenye kichwa chake, huku wanaiita fifwili. Tukaenda Port Aransas, tukala samaki, tukachomwa na jua, siku ya kurudi nikiwa nimechoka nikamwambia mama watoto shika usukani kidogo, mimi nijinyooshe mpaka San Antonio. Yeye ana leseni ya kawaida, Class C. Tuko barabara kuu ya I-37, hata mji wa Three Rivers hatujafika, taa moja ya nyuma ya tela imekufa, askari akatusimamisha kwa ajili ya taa. Alikuwa mpole tu. Akaangalia leseni ya mke wangu, akaenda mbele ya tela upande wa dereva, akainama na tochi pale chini kwenye kona, akasoma kitu, akarudi kwenye mlango wa pikapu akasoma kingine, kisha akauliza kwa upole uleule, mama, nani mwingine hapa ana leseni? Nikajitokeza na CDL yangu kifua mbele, kumbe kosa limeshatendeka. Mke wangu akaandikiwa faini, mimi nikakaa kwenye usukani, na mpaka tunafika nyumbani hakuna aliyeniongelesha zaidi ya watoto kuomba maji.

Alichosoma askari ndio somo lenyewe. Kila gari na kila tela ina stika ya kiwandani yenye maneno GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimeruhusu kitu hicho kifike kikiwa na mzigo wake wote. Kwenye pikapu iko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwenye tela iko nje, upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Pikapu yangu ina matairi mawili mawili nyuma, stika yake inasema paundi 14,000. Tela inasema 16,500. Jumlisha: 30,500. Texas inasema hivi, kama jumla ya gari na tela inafika paundi 26,001 au zaidi, na tela peke yake inazidi 10,000, unatakiwa uwe na Class A. Yote mawili lazima yawepo. Jumla ikiwa 26,000 kamili bado uko Class C, ikiongezeka paundi moja tu umeshavuka.

Na hapa ndipo watu wengi wanabishana na mimi: lakini tela ilikuwa tupu bwana! Yetu pia ilikuwa karibu tupu, chakula kimeisha, maji tumemwaga, ningeiweka kwenye mizani siku ile nahisi hata 23,000 isingefika. Haisaidii. Kupunguza mzigo hakufuti kilichoandikwa kwenye stika. Muuzaji pia usimsikilize, mimi aliyeniuzia aliniambia hapa Texas leseni yoyote inavuta chochote ilimradi si biashara, akatabasamu, akanipa na kofia.

Halafu kuna hili linalowachanganya waliotoka bongo. Nyumbani Class A ni pikipiki, na Class C ni watu wa mabasi. Huku Class C ndio ya kila mtu, ya Corolla na ya kwenda kanisani, na Class A ndio ya madude makubwa. Nimeshakutana na kijana anajisifu ana Class C akidhani ameruhusiwa kubeba abiria. Pia Class A ziko mbili, iko CDL ya biashara na iko Class A ya kawaida isiyo ya biashara, hii ya pili ndio anayohitaji mtu wa familia mwenye tela nzito. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie lazima usome shule ya malori ulipe maelfu ya dola eti kwa sababu unataka kwenda kulala ziwani, huo ni uongo.

Nikupe mifano uone. Ford F-150 nyingi ziko kwenye 7,000 hivi, ukifunga tela ya 7,500 una 14,500, Class C yako inatosha, lala usingizi. Pikapu ya 10,000 na tela ya 14,000 inakuja 24,000, bado Class C. Pikapu ya 14,000 na tela ya 12,500 ni 26,500, hapo tayari Class A. Umeona? Tela ya huyu wa mwisho ni ndogo kuliko ya yule wa katikati, aliyemvusha mstari ni pikapu yake kubwa. Ndio maana nakataa kujibu mtu anayeniuliza tela ya futi 35 inahitaji leseni gani. Futi sio jibu, niletee picha ya stika mbili.

Ukihamia jimbo lingine anza upya, usibebe sheria ya Texas kama begi. California kwa mfano ni wakali zaidi, Class C yao inavuta tela mwisho paundi 10,000, fifwili ya zaidi ya 10,000 mpaka 15,000 wanataka kibali cha nyongeza kwenye leseni, na tela ya bampa inayozidi 10,000 au fifwili inayozidi 15,000 wanataka Class A yao isiyo ya biashara. Hawaangalii jumla kama sisi, wanaangalia tela. Na ukivuta tela yoyote California spidi mwisho ni maili 55 kwa saa, uwe na leseni ya Texas au ya mbinguni. Shemeji yangu yuko Uingereza, kule nako walilegeza, tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya gari anavuta tela mpaka kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, zamani waliofaulu kuanzia 1997 walikuwa wanafanya mtihani mwingine.

Sasa pesa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndipo vijana wetu wanapoteleza. Unayo pikapu nzuri, jirani anakuambia nipelekee tela yangu Oklahoma nitakupa mia nne na mafuta. Ukipokea ile mia nne wewe sio mtu wa matembezi tena. Kuna kazi rasmi kabisa ya kusafirisha tela mpya kutoka viwandani, nyingi zinatengenezwa Elkhart, Indiana na miji ya jirani, na ndugu zetu kadhaa wanaifanya na pikapu zao, ni kazi halali. Lakini ukivuka jimbo kwa biashara, gari na tela vikifika paundi 10,001 kwa pamoja, tayari unaingia kwenye sheria za serikali kuu: namba ya DOT (Idara ya Usafirishaji), kadi ya daktari, kuhesabu masaa ya kuendesha. Ikifika 26,001 na tela imezidi 10,000, hapo ni CDL yenyewe, ile Class A isiyo ya biashara haikuokoi. Na kwenye CDL wanachukua kile kikubwa kati ya stika na mizani, kwa hiyo aliyejaza kupita stika anashikwa kotekote. Tangu tarehe 7 Februari 2022 anayechukua CDL kwa mara ya kwanza lazima apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa, zile za kufundishwa na binamu kwenye yadi halafu unaenda mtihani zilishaisha.

Turudi kwa mama watoto. Baada ya wiki mbili za kununiana akasema anaitaka hiyo Class A, hataki tena kuaibishwa barabarani. Akasoma, akafanya mtihani wa maswali, akapata kibali cha kujifunzia, na kila Jumanne tukawa tunaenda kwenye paking ya kanisa wakati hakuna mtu. Mtihani wa barabarani unaenda na gari lako mwenyewe, lenye uzito unaolingana na leseni unayoomba, huwezi kwenda na katela ka kubebea majani ukategemea wakupe Class A, na mwenye leseni hiyo anakusindikiza mpaka pale. Hakikisha taa zote zinawaka kabla hamjatoka nyumbani, mimi nilizikagua mara tatu, mnajua kwa nini.

Rivasi ndiyo iliyomtesa. Ukirudi nyuma na tela, ukikata usukani kulia mkia unaenda kushoto, akili inagoma. Dawa yake ni ndogo: shika usukani chini kabisa, kwa mkono mmoja, halafu peleka mkono upande ule unaotaka mkia wa tela uende. Mkono kushoto, mkia kushoto. Kidogo kidogo, sio kuzungusha kama daladala Kariakoo. Ukiona imekunja sana usiendelee kulazimisha, vuta mbele, nyoosha, anza tena, hakuna anayekukimbiza. Niliweka ndoo nne za rangi kama kona za kiwanja cha kempu, siku ya kwanza alikanyaga tatu, mwezi wa pili hakanyagi hata moja, na sasa hivi tukifika kempu mimi ndio nashuka kuelekeza.

Kitu kingine, leseni kukuruhusu haimaanishi gari lako linaweza. Kwenye mlango wa dereva kuna stika nyingine, ina rangi ya njano, inasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi kadhaa. Tuseme imeandikwa 1,450. Unanunua tela ya bampa yenye paundi 8,000 barabarani, pua ya tela inatakiwa ikandamize gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, chukua 12, hiyo ni 960. Zimebaki 490. Haya wewe, mke, watoto watatu na kreti za maji, mnafika 700 bila kujua. Umezidisha, na leseni yako ni safi kabisa. Fifwili ndio kabisa, inakandamiza asilimia 15 mpaka 25. Na usikimbilie kupakia nyuma ya tela ili pua iwe nyepesi, tela yenye pua nyepesi inachezesha mkia, ikianza kucheza kwenye spidi usikanyage breki za gari kwa nguvu, achia mafuta, halafu bonyeza taratibu breki za tela peke yake kwa kile kiboksi kilichopo karibu na usukani. Kaoneshwe kilipo siku ya kununua, sio siku ya shida.

Maji nayo watu wanayasahau. Galoni moja ni paundi 8.3, tangi la galoni 60 ukilijaza Dallas umebeba karibu 500 za bure mpaka baharini, wakati kempu nyingi zina bomba. Pita kituo cha malori, panda mizani, dola chache tu, unapata karatasi yenye uzito wa kila ekseli.

Matairi ya tela tazama ubavuni, kuna herufi ya spidi, L ni maili 75, M ni 81. Sasa fikiria ile barabara ya 130 kati ya Austin na Seguin, kibao kinasema 85, na mtu yuko nayo na tela ya tani saba. Mimi natembea 65, wanaonipigia honi wapite tu. Ukienda mashariki, soma sheria za mahandaki kabla hujatoka, yale ya Baltimore chini ya maji hayataki mitungi ya gesi ya kupikia ya kwenye RV, na parkway za New York, zile barabara za magari madogo, hazitaki tela kabisa.

Kwa anayeenda kununua Jumamosi hii: beba tochi na kitambaa kibichi, maana stika ya tela iliyokaa juani miaka kumi huwa imefubaa na imejaa vumbi, ifute taratibu isichubuke, ipige picha, pita kwenye mlango wa pikapu yako upige nyingine, jumlisha hapohapo ukiwa umesimama. Muuzaji akikuuliza unafanya nini mwambie unahesabu. Kofia ukipewa, chukua.