Gereji ya Uani: Beetle inayopata moto kwenye foleni

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1969 niliyoifungia injini ya 1600. Barabara ikiwa wazi haina neno. Nikikwama Barabara ya Mandela, kati ya Buguruni na Ubungo hapa Dar, oili inaanza kunuka kuungua na nguvu inapungua. Fundi anataka tutoboe boneti ya injini tufunge feni ya umeme. Nimkubalie? Msomaji, Tabata.

JIBU: Usitoboe kwanza, ndugu. Injini hiyo haina rejeta. Inapozwa na oili, pamoja na feni iliyo kwenye shafti ya dainamo. Feni inavuta hewa ya chumba cha injini, inaisukuma juu ya silinda, kisha hewa inatokea chini ikiwa ya moto, jirani na ekzosi. Mpira unaozunguka chumba hicho ukiwa umeliwa, au bati moja likiwa lilisahaulika kwenye ndoo siku ya kufunga injini (hutokea sana), feni inanyonya upya moto ule ule. Gari likitembea, upepo unauchukua. Kwenye foleni unabaki pale pale chini.

Jaribu hivi: acha injini ingurume taratibu, pitisha kipande cha tishu kando ya mabati, pale yanapokutana na bodi. Mikono na nguo zikae mbali na mkanda. Tishu inaponyonywa kuingia ndani, ndipo pa kuziba. Angalia na mipira ya duara kwenye vifuniko vya plagi, yote minne iwepo. Kisha kuna kosa la kwetu hasa: Dar hakuna anayehitaji hita, basi watu hutoa mabomba yake na kuacha matundu mawili wazi kwenye kava la feni. Hewa ya kupoza silinda inavujia hapo. Yazibe kwa bati na klipu.

Mkanda wa feni ukiukandamiza katikati kwa dole gumba ushuke kama milimita 15. Ukilegea, toa washa moja nyembamba kati ya nusu mbili za pulei uihamishie nje, chini ya nati. Usiitupe, utaihitaji ukifunga mkanda mpya.

Halafu tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu. Pima asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha: milimita 0.15 kwa valvu zote nane. Fundi anayezibana ili injini "isipige kelele" anaiua. Valvu ya moshi hutoa joto lake inapokaa kwenye kiti. Ikibanwa haikai sawasawa, inaungua. Anza kuchunguza silinda namba 3, ile ya mbele upande wa kushoto. Kwenye injini za kipoza oili kilicho ndani ya kava la feni, silinda hiyo inapata hewa iliyokwisha kupashwa moto na kipoza.

Oili ni lita 2.5 tu, 20W-50 inafaa, na ibadilishwe kila kilomita 5,000 kwa kuwa hakuna filta, kuna chujio la waya tu. Nati sita za bamba la chujio zibane kwa mkono mwepesi. Wengi wamekata stadi (skrubu zinazoshika nati hizo) hapo.

SWALI: Kwa kuwa injini si ile iliyokuja na gari, kuna tatizo la kadi? Msomaji huyo huyo.

JIBU: Lipo. Kadi ya gari ina namba ya injini. Nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) irekebishwe sasa, usingoje siku ya kuuza.

SWALI: Sakafu ya Beetle yangu imeoza. Fundi wa bodi anasema achomelee bati jipya juu ya lile la zamani, kisha apige puti (lami ya kusawazisha bodi). Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Kataa. Chumvi ya bahari na unyevu vitabaki katikati ya mabati mawili, vile kutu inavyopenda. Kata mpaka ufikie chuma king'aacho, weka bati la geji 18, ukichomelea nukta nukta kwa kuruka huku na huku. Mstari mmoja mrefu utalipinda bati. Kama chaneli za chini ya milango nazo zimeoza, chomelea kwanza vyuma vya kushikilia matundu ya milango, ukate upande mmoja baada ya mwingine. Bila hivyo bodi italala na mlango hautafunga tena.

Sakafu ya kulia nyuma huoza mapema kwa sababu betri hukaa hapo, chini ya kiti, na tindikali yake hula bati. Rudisha na kifuniko cha betri. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri abiria anapokaa, sponji inashika moto.

SWALI: Nati ya ngoma ya breki ya nyuma ya Beetle ibanwe kiasi gani? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Nyutoni mita 294. Huna spana ya kupimia? Soketi ya 36, bomba la mita moja, kilo 30 zikining'inia mwishoni mwa bomba lililolala sawa. Tundu la pini inayozuia nati isilegee lisipolingana, endelea kubana hadi linalofuata, usirudishe nyuma. Na kama meno ya ndani ya ngoma yameshalika, kubana hakutasaidia: badilisha ngoma.