Nesi, ukienda kwenye maafa beba daftari

Kila mafuriko yakitangazwa, simu yangu haipumziki. Wanaonitafuta ni wauguzi vijana, wengi wamemaliza chuo na bado wanasubiri ajira, na swali lao ni moja: dada, na mimi nataka kwenda kujitolea, naanzia wapi? Nawajibu wote hapa.

Kwanza iondoe kichwani ile picha ya kufunga majeraha kutwa nzima. Nilikwenda Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, baada ya maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023, pale tope, mawe na magogo viliposhuka kutoka mlimani vikapita juu ya nyumba na maduka, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Majeruhi mahututi walishawahishwa hospitali kabla wengi wetu hatujafika. Sisi wa nyuma, kwenye shule zilizogeuzwa kambi, tulikuta foleni ya aina nyingine. Mama wa presha ambaye vidonge vyake vimezikwa na tope. Kijana wa kifafa aliyekosa dawa tangu siku ya tukio na tayari ameshaanguka mara moja. Mjamzito ambaye mimba imefika ukingoni na kadi ya kliniki hana. Na kuna yule aliyesubiri wenzake watawanyike ndipo akasogea, akauliza kwa sauti ya chini kama "zile dawa zangu" zinapatikana hapa.

Huyo wa mwisho ndiye atakayekupima unesi wako. Hawezi kutaja ARV, dawa za kufubaza VVU, mbele ya watu, na kambini kila jambo ni mbele ya watu: mnalala darasa moja, mnakula sufuria moja, mnapanga foleni moja. Ukimuuliza kwa sauti kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya VVU, iko wapi, hutamwona tena. Sisi tulitenga kona nyuma ya darasa tukaweka mashine ya presha, na kila mtu mzima akapitia hapo, mmoja mmoja. Hakuna aliyeonekana wa ajabu kwa kukaa kwenye kile kiti, na mwenye la kusema alilisema mkono ukiwa ndani ya mkanda wa presha. Baada ya hapo kazi ni ya simu: kupiga kliniki anakochukulia dawa, kupata dozi anayotumia na kuhakikisha hapitishi siku nyingine bila kumeza.

Majeraha nayo yapo, na yana kanuni ambayo wageni wa kazi hii huisahau kwa haraka ya kusaidia. Kidonda kilichoingia tope hakishonwi siku hiyo hiyo, hata kama mwenyewe anakusihi. Kioshe kwa maji mengi safi, toa uchafu na nyama iliyokufa, kifunike kwa gozi bila kukishona, kisha kikaguliwe baada ya siku tatu hadi tano kama kinafaa kushonwa. Ukikifunga mapema unawafungia wadudu ndani. Uliza pia chanjo ya pepopunda, hasa kwa wanaume. Wanawake wengi waliipata walipokuwa wajawazito, lakini baba wa miaka hamsini huenda hajachomwa tangu azaliwe.

Halafu, usijipeleke. Najua moyo unasukuma, ila nesi aliyeshuka kwenye basi bila kuitwa ni mdomo mwingine wa kulishwa na mtu mwingine wa kutafutiwa pa kulala. Hakikisha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai, jiandikishe Msalaba Mwekundu wakati hakuna maafa yoyote, upate mafunzo, na likitokea jambo ingia kupitia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Dunia ilijifunza hili Haiti baada ya tetemeko la 2010, ambako timu za tiba zilimiminika, nyingine bila maandalizi wala uratibu. Shirika la Afya Duniani likaja kuweka viwango vya timu za dharura mwaka 2013. Ukifika, muuguzi mfawidhi wa pale ndiye bosi wako, hata kama una shahada na yeye ana cheti. Kumbuka huenda na yeye amefiwa wiki hiyo hiyo, na bado yuko zamu.

Hapo Katesh wazee wengi wanaongea Kiiraqw au Kidatoga, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii akutafsirie. Usimtumie mtoto kumtafsiria mama yake habari za damu ukeni. Nimeona ikifanyika, na mama akajibu "hakuna shida" kwa kila swali.

Kuhusu zile kambi za matibabu za siku chache, ambazo hazina uhusiano na maafa, nina kinyongo kidogo. Niliwahi kufanya kazi na timu moja iliyopima presha kijiji kizima, ikagawa vidonge vya wiki mbili, ikapiga picha na kuondoka. Wiki ya tatu wale wagonjwa wakarudi zahanati kuuliza dawa ambazo zahanati haijawahi kuwa nazo. Kabla hujakubali kwenda, uliza dawa mnazobeba kama zinapatikana pale mwaka mzima, na uliza tarehe za mwisho wa matumizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja mbele. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, baki nyumbani.

Mzigo wako uwe mdogo: buti za mvua, sweta (Katesh asubuhi kuna baridi), tochi, dawa zako mwenyewe, pesa ya kula. Posho usiitegemee. Ruhusa kazini ipate kwa maandishi.

Na daftari. Andika kila mgonjwa: jina, kijiji, tatizo, ulichompa, lini aonekane tena. Takwimu ziingie kwenye rejista za MTUHA (vitabu vya takwimu za afya) za kituo husika, zisiondoke na begi lako, kwa sababu wagonjwa watano wa kuhara kutoka darasa moja huonekana kwenye maandishi kabla hawajaonekana kwa macho. Siku ya kuondoka kaa na muuguzi mfawidhi, mpitie jina kwa jina: huyu kidonda kikaguliwe Alhamisi, huyu kifafa dozi imebadilishwa, huyu mjamzito apelekwe hospitali mapema, hana pa kujifungulia. Mwachie orodha na namba ya simu ambayo huwa unaipokea.