Kabla hujalibeba bomba

Wadogo zangu mnaoanza bustani za mboga huku Bunju, Kigamboni au kandokando ya Msimbazi, nianze na mgongo wangu. Msimu wa kwanza nilipuliza bamia dawa ya wadudu kwa bomba la mgongoni la lita 16 lililokuwa likivuja kwenye mfuniko. Shati likalowa, nikadhani ni jasho tu. Joto la Dar mnalijua. Jioni kichwa kinagonga, mate yamejaa mdomoni, macho yana ukungu. Sikuwa nimekunywa kitu. Sumu ilipita kwenye ngozi. Tangu siku ile bomba nalijaza maji matupu kwanza, nalitikisa, naliinamisha. Likidondosha hata tone, halipandi mgongoni.

Ila kinachotuangusha zaidi sisi wa mjini ni hesabu ya siku. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusia, na kila lebo ya dawa inataja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Umenunua dawa ya siku 14, wadudu wameingia siku ya 15: utavuna lini? Alfajiri mchuuzi kasimama na tenga, hela mkononi, anataka tuta zima. Hapo ndipo watu huchovya mboga kwenye ndoo ya maji wakajidanganya imesafika, wakati dawa nyingine huingia ndani ya jani. Mimi tuta likishambuliwa wiki ya mwisho, navuna mapema bila kupuliza, au nang'oa.

Kwa hiyo dukani uliza siku kabla ya bei. Akikupimia dawa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, ondoka. Hutajua siku, kipimo, wala kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu. Na kizibo si kipimo, vizibo havilingani.

Puliza asubuhi na mapema, upepo wa bahari haujachangamka, umevaa mikono mirefu, glavu na buti. Nozeli ikiziba, isafishe kwa mswaki mkuukuu, usiipulize kwa mdomo (nimeona watu wazima wakifanya hivyo). Chupa ikiisha isuuze mara tatu, maji hayo yarudi ndani ya bomba, kisha itoboe. Chupa nzima jijini hapa haikai jalalani. Kesho utaikuta imejazwa juisi ya ukwaju.

Mtu akizidiwa, mvue nguo, mwogeshe kwa sabuni, mkimbize hospitali na lebo mkononi. Maziwa wanayoyasifia majirani hayaondoi sumu, na usimtapishe.