Kwa anayeanza kazi ya kuboresha alizeti: ilinde namba yako tangu shambani

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika kazi ya utafiti wa mbegu za alizeti huja na hamu kubwa ya mambo ya vinasaba, na si kosa lake, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa chuoni. Nami nilikuja hivyo. Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni kwamba mafuta hayaonekani kwa macho. Mbegu mbili zinazolingana ukubwa na rangi zinaweza kutofautiana sana kwa kiasi na aina ya mafuta yaliyomo, kwa hiyo karibu kila uteuzi tunaoufanya tunaufanya juu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na namba hiyo ikishachafuka shambani au stoo hakuna programu ya kompyuta itakayoisafisha. Ninayoyaandika hapa yanahusu zaidi safari ya namba hiyo kuliko elimu ya urithi, ambayo utaipata kwingine.

Kwanza jiulize unatafuta nini. Lengo lako ni mafuta kwa hekta, na hayo hupatikana kwa kuzidisha kilo za mbegu kwa asilimia ya mafuta. Aina inayotoa kilo 1,500 kwa hekta ikiwa na mafuta ya 32% inakupa kilo 480 za mafuta, ilhali ile inayotoa kilo 1,100 yenye mafuta ya 42% inakupa kilo 462. Mgeni huvutwa na ile ya 42% kwa sababu inapendeza kwenye ripoti. Tena asilimia yenyewe ina mambo mawili ndani yake, yaani uzito wa ganda na mafuta yaliyomo kwenye kiini. Vasily Pustovoit, aliyefanya kazi Krasnodar nchini Urusi, aliongoza uteuzi uliopandisha mafuta ya alizeti kutoka takriban 30% hadi karibu 50%, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kupunguza ganda. Kwa hiyo, kabla hujashangilia mstari (yaani ukoo wa mimea unaouendeleza peke yake) wenye mafuta mengi, menya mbegu hamsini kwa mkono, pima ganda na kiini kila kimoja peke yake, ujue ni kipi hasa ulichokichagua.

Ganda nalo lina wenyewe. Mkulima anayeuza kwa gunia bila mizani hapati hata shilingi moja ya ziada kwa mafuta uliyomwongezea. Kwake yeye mbegu kubwa yenye ganda nene na jepesi ndiyo inayojaza gunia mapema. Mkamuaji kwa upande wake anataka mafuta, lakini naye hataki ganda liishe kabisa, kwa sababu mashine ya skrubu inahitaji makapi kiasi ili iweze kushika na kusukuma, na mbegu yenye ganda dogo mno hugeuka uji ndani ya mashine. Katikati ya miaka ya 1980 Carl Bielenberg alipobuni mashine ya kukamua kwa mkono huko Arusha, ilidhihirika kuwa mbegu za ganda gumu ziliishinda, na ile aina ya zamani ya Record, yenye ganda laini, ndiyo iliyokubaliana nayo. Nenda Singida au Dodoma wakati wa msimu wa kukamua, kaa siku nzima karibu na mashine, ndipo urudi ofisini kupanga kiwango cha ganda unachokitaka.

Asilimia ya mafuta hurithiwa kwa uthabiti zaidi kuliko mavuno, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kupanga ratiba yako. Mafuta unaweza kuyachagua mapema, kwa mmea mmoja mmoja. Mavuno huwezi. Nilipoanza, nilikuwa nikipita shambani na kamba nyekundu nikifunga kila kichwa kilichonenepa kama sinia, na msimu uliofuata watoto wa vichwa hivyo walikuwa wa kawaida kabisa, kwa kuwa vingi nilivichagua pembezoni mwa kitalu au mahali ambapo jirani yake hakuota, yaani penye mwanga na maji ya ziada. Mavuno hupimwa kwa vitalu vyenye marudio, yaani kila aina ikipandwa kwenye vitalu kadhaa, safu za mimea za pembeni zikiachwa bila kuhesabiwa, katika maeneo kadhaa na kwa zaidi ya msimu mmoja.

Sasa nije kwenye chavua, ambako kazi nyingi huharibika. Alizeti ni mmea wa nyuki, na maua madogo yaliyomo ndani ya kichwa hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa muda wa wiki moja hivi. Ukitaka mmea ujichavushe wenyewe, funika kichwa kabla petali za njano hazijafunguka. Ukichelewa siku moja tu, safu ya ukingoni imekwisha kutembelewa, na mfuko utakaoufunga utakuwa wa kujifariji. Tumia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kwa maana nailoni hushika jasho na kuozesha kichwa. Usishangae pia ukikuta mapepe matupu ndani ya mfuko, kwa sababu aina nyingi za kale za uchavushaji huru, yaani zilizozoea kuchavushana zenyewe kwa zenyewe shambani, hukataa chavua yao wenyewe. Hapo itakubidi uchukue chavua kwa brashi kutoka kwa ndugu yake aliyefunikwa pia, asubuhi chavua inapokuwa mbichi.

Jambo hili huwa zito zaidi pale unapofanyia kazi ubora wa mafuta na si wingi wake peke yake. Mafuta ya alizeti yameundwa zaidi na asidi mbili: ya oleiki, yenye bondi maradufu moja, na ya linoleiki, yenye mbili. Bondi hizo ndizo hewa na joto huanzia kuyaharibu mafuta, na ndiyo maana mafuta yenye oleiki nyingi hustahimili zaidi joto na hewa, faida anayoiona mapema mkaanga chipsi kuliko mtu mwingine yeyote. Chanzo kikuu cha tabia hiyo katika alizeti ni aina ya Pervenets, ambayo Soldatov wa Krasnodar aliitangaza mwaka 1976 baada ya kuzitia mbegu dawa ya kubadili vinasaba. Katika mistari iliyotokana nayo oleiki huweza kupita 80%. Mgeni hudhani kwamba akishapanda mbegu yenye tabia hiyo, mavuno yote yatakuwa nayo. Aina ya mafuta huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kiinitete chenyewe, yaani mche mchanga uliomo ndani ya punje, na kiinitete kina baba. Nyuki akileta chavua ya alizeti ya kawaida kutoka shamba la jirani, mafuta ya punje hiyo hubadilika msimu huo huo, bila kusubiri kizazi kijacho. Ukisoma matokeo ya maabara yanayorukaruka ndani ya mstari mmoja, mtilie shaka nyuki kabla hujaitilia shaka mashine.

Jambo hilo hilo lina upande wa heri, kwa kuwa linakuwezesha kupima punje moja bila kuiua. Mwaka 1963 Downey na Harvey wa Kanada walieleza njia ya nusu mbegu kwa rapa, zao jingine la mbegu za mafuta, nayo hutumika kwa alizeti pia. Unakata kipande kidogo cha punje, unakipeleka kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayopima kila asidi ya mafuta peke yake, na sehemu iliyobaki unaiotesha. Kumbuka tu kwamba upande uliochongoka ndio wenye mzizi mchanga, kwa hiyo kata upande mpana. Nimemwona msaidizi mpya akikata trei nzima upande usio wake. Matokeo ya maabara yalikuwa mazuri sana na hakuna punje hata moja iliyoota.

Kuhusu hali ya hewa, shika kanuni moja. Kimeng'enya kinachogeuza oleiki kuwa linoleiki hufanya kazi zaidi kwenye baridi, kwa hiyo alizeti ile ile ya kawaida ikijaza mbegu penye joto kama Ilonga, Kilosa, itaonyesha oleiki nyingi kuliko ikijaza mbegu kwenye nyanda za juu zenye ubaridi. Usilinganishe mstari wa huku na mstari wa kule ukadhani umegundua jeni. Panda aina ya kulinganishia katika kila eneo, na kila tarehe ya kupanda.

Unyevu umewahi kuniaibisha. Nilipeleka maabara sampuli za mafungu mawili, moja lililokauka vizuri na jingine lililovunwa wiki ya mvua, nikasoma 40% kwa la kwanza na 39% kwa la pili, nikalitupa la pili. Baadaye mkuu wangu wa kazi aliuliza swali moja tu: unyevu ulikuwa kiasi gani? La kwanza lilikuwa na 5% na la pili 9%. Ukigawanya kwa uzito mkavu unapata takriban 42.1% kwa la kwanza na 42.9% kwa la pili, maana yake nilikuwa nimetupa lililo bora. Tangu siku hiyo siandiki asilimia ya mafuta bila kuandika unyevu pembeni yake. Vilevile changanya mbegu za kichwa chote kabla ya kuchota sampuli, kwa sababu za ukingoni hazifanani na za katikati.

Lebo ziandikwe kwa penseli, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Wino hufutika kwa mvua, penseli haifutiki. Sina zaidi la kusema hapo, ila kwamba nililijifunza kwa kupoteza msimu mzima.

Shamba lenyewe lina hila zake. Mahali palipokuwa na zizi hutoa mimea mirefu yenye vichwa vikubwa na mafuta pungufu kwa asilimia, kwa kuwa naitrojeni nyingi huelekeza mbegu kwenye protini; waulize wenyeji zizi lilikuwa wapi kabla ya kupima vitalu. Ndege nao hawagawi hasara sawasawa. Mstari unaokomaa wiki moja kabla ya mingine ndio utakaoliwa na kila ndege wa kijiji, na kwenye daftari utaonekana wenye mavuno duni, ilhali ukomavu wa mapema ni tabia anayoihitaji mkulima wa Dodoma ambaye mvua zake hukatika ghafla. Andika uharibifu wa ndege kwa kila kitalu kabla ya kuvuna, na uangalie ni vichwa vipi vilivyoinamisha uso chini, kwa kuwa hivyo huliwa kidogo.

Kutoka kwa Pustovoit huyo huyo nimechukua desturi nisiyoiacha, ya kugawa mbegu za kila mmea uliochaguliwa mafungu mawili, moja likapandwa kwenye jaribio na jingine likabaki stoo. Jaribio likishaonyesha familia zilizo bora, unarudi kwenye akiba na kuzipanda hizo peke yake mahali pa mbali na alizeti nyingine, wakachavushana wenyewe kwa wenyewe. Mbegu zilizovunwa kwenye jaribio haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu zilikwisha kuchanganyika na walioshindwa.

Mistari ikishabaki michache, kabla ya kuifikisha kwenye majaribio ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, zalisha mbegu za kutosha, ujaze gunia moja moja ulipeleke kwa mkamuaji wa kawaida, si maabara. Muombe aikamue kila moja peke yake, mashine ikisafishwa katikati. Atachota mashudu yakiwa bado moto, ayafinye kiganjani, akuambie kama mafuta mengi yamebaki ndani. Andika alichokisema katika daftari lile lile, kando ya namba ya maabara, pamoja na uzito wa mbegu iliyoingia na wa mafuta yaliyotoka.