Maswali na majibu: video za maonyesho kwa Raspberry Pi

Wiki hii maswali karibu yote yametoka kwa wasanii na mafundi wanaopanga video za maonyesho, zile zinazojirudia ukutani kutwa nzima, kwa Raspberry Pi (kwa kifupi Pi), kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Kutoka Zanzibar: Shikamoo fundi. Video yangu ni ya dakika tatu, iko kwenye Pi 4 natumia VLC, ikifika mwisho skrini inakuwa nyeusi kidogo ndo inaanza tena. Inaniharibia kazi. Nifanyeje?

Marahaba, na pole, manake kwenye kazi ya namna hiyo ile nyeusi ndo kitu cha kwanza mtu anaona. Inatokea kwa sababu programu ikimaliza faili inaifunga halafu inaifungua upya, na kwa kompyuta ndogo muda huo unaonekana kabisa. Jaribu mpv, programu nyingine ya kuchezesha video, ipe amri --loop-file=inf, yenyewe haifungi faili, inarudi tu mwanzo. Kama kazi haina sauti toa kabisa njia ya sauti ndani ya faili, usiiache ipo kimya, maana sauti iliyobanwa kwa njia ya AAC huwa inabeba vipande vidogo vya ukimya mwanzoni na mwishoni na hivyo vinatosha kuleta kigugumizi. Bado inagoma? Basi irefushe video yenyewe kwa ffmpeg, programu ya kushughulikia video kwa kuandika amri: ffmpeg -stream_loop 39 -i kazi.mp4 -c copy ndefu.mp4, hapo dakika tatu zinajirudia mara 40 unapata saa mbili na ule mshtuko unakuja mara moja tu kila baada ya saa mbili. Angalia ukubwa lakini, kwa megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni kama GB 9, na fleshi iliyoformatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili la kuzidi GB 4, kwa hiyo iformati exFAT.

Kutoka Mombasa: Nina skrini tatu na Pi tatu, nawasha zote kwa ekstensheni moja. Asubuhi ziko sawa, jioni moja ishatangulia wenzake na watu wanaona. Mbona na faili ni zile zile?

Ndugu yangu, hili ndo swali nalolipenda kuliko yote, na wengi wanalikimbilia kwa kununua vifaa bila sababu. Kila Pi inahesabu muda kwa kristali yake mwenyewe, kile kipande kinachoendesha saa ya ndani, na hakuna kristali mbili zinazokwenda sawasawa, zikitofautiana sehemu 20 tu katika milioni tayari ni sekunde 1.7 kwa siku, wakati fremu moja, yaani picha moja, ya video ya fremu 25 kwa sekunde ni milisekunde 40. Kuwasha pamoja hakusaidii, hata kuwaka zenyewe haziwaki kwa muda ule ule.

Sasa fanya hesabu kwa upande mwingine. Kama video yako ni ya dakika tano, tofauti ile ile kwa dakika tano ni milisekunde 6 tu, haifiki hata fremu moja. Maana yake huna haja ya kuzirekebisha katikati, zipange mstari upya kila raundi inapoanza basi. Chagua Pi moja iwe kiongozi, zote ziendeshe mpv kwa --keep-open=yes ili zikifika mwisho zigande kwenye fremu ya mwisho zisubiri, halafu kiongozi anatuma ujumbe mmoja mfupi wa mtandao (wa aina ya UDP) kwa wote "anza", na skripti ndogo ya Python kwenye kila Pi inaupokea na kuiambia mpv irudi sifuri iendelee. mpv inapokea amri hizo kupitia --input-ipc-server. Tengeneza fremu ya mwisho ifanane na ya kwanza na hakuna atakayejua kama kulikuwa na kusubiri. Kwa video ya saa nzima ndo utahitaji kurekebisha njiani, na hapo ongeza au punguza spidi kwa asilimia moja mpaka zikutane, usirukeruke, mruko unaonekana.

Tumia waya na swichi ya mtandao ya bei rahisi, sio Wi-Fi, siku ya ufunguzi ukumbi umejaa simu. Na kama skrini zote zinaonyesha picha ile ile achana na haya yote, Pi moja na spliti ya HDMI inatosha.

Kutoka Nairobi: Stima zikipotea memori kadi inakufa, nishabadilisha kadhaa. Kuna dawa?

Ipo. Fungua raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, sehemu ya Performance, washa Overlay File System, kuanzia hapo mfumo hauandiki chochote kwenye kadi na unaweza kuchomoa waya bila wasiwasi. Fanya hivyo mwisho kabisa ukishamaliza kupanga kila kitu. Halafu angalia chaja, Pi 4 inataka volti 5 na ampia 3, chaja ya simu mara nyingi haifiki. Andika vcgencmd get_throttled, jibu likiwa 0x0 uko salama, likiwa lingine basi umeme ulipungua au joto lilizidi.

Kutoka Dar: Mlinzi akiwasha Pi kabla ya projekta, hakuna picha. Na picha ikija, kamera ikipita taratibu inakwaruzakwaruza.

Pi isipoona skrini wakati inawaka inazima HDMI. Kwenye cmdline.txt, faili la mipangilio ya kuwaka, mstari ule ule mmoja, ongeza video=HDMI-A-1:1920x1080@50D, ile D inailazimisha itoe picha hata kama projekta imezimwa. Na nimeandika 50 makusudi: kama ulirekodi fremu 25, kwa hertzi 50, yaani skrini ikichora picha mara 50 kwa sekunde, kila fremu inakaa mara mbili kamili, kwa 60 haigawanyiki ndo unaona mikwaruzo.

Kutoka Arusha: Ninunue Pi 5?

Kwa video tu, hapana. Pi 5 haina kifaa cha ndani cha kufungua video zilizobanwa kwa njia ya H.264, ina cha H.265 pekee, ile nyingine inabebwa na prosesa na joto linapanda. Pi 4 inazo zote mbili. Na mafunzo ya zamani yanayokwambia utumie omxplayer, programu nyingine ya kuchezesha video, yapite tu, iliondolewa kwenye mfumo tangu 2021.