Maswali ya Wasomaji: Kubadili API bila kuvunja programu za watu

SWALI: API yetu (mlango ambao programu nyingine hupitia kupata data zetu) hurudisha jina la mteja katika sehemu moja, "jina". Tunataka kuligawa liwe "jina_la_kwanza" na "jina_la_ukoo", lakini programu nyingi za simu bado zinasoma ile ya zamani. Je, tufungue v2, yaani toleo la pili la API?

JIBU: Bado. Ongezeni sehemu mbili mpya, na "jina" iendelee kujazwa kama kawaida. Programu ya zamani itasoma inachokijua na kuyapita mengine, mradi haikuandikwa kukataa sehemu ngeni.

Hatari kubwa iko kwenye PUT, ombi la kuandika upya rekodi iliyopo. Programu ya zamani huchukua rekodi, hubadilisha namba ya simu, kisha hurudisha rekodi nzima bila zile sehemu mpya. Seva ikichukulia kisichotajwa kuwa kimefutwa, majina mliyokusanya yanapotea kimyakimya. Kwa hiyo sehemu isiyotumwa iachwe kama ilivyo. Ifutwe tu ikitumwa null (alama ya "hakuna thamani"). "Jina" likija limebadilika, wekeni null kwenye zile mbili, wala msilikate kwenye nafasi iliyo kati ya maneno kwa kubahatisha: watu wengi wana majina matatu, wengine moja.

V2 inahitajika mkiondoa sehemu, mkibadili aina ya data au mkifanya cha hiari kuwa cha lazima. Hata kuongeza hali mpya ya oda, mfano "imerejeshwa", huweza kuangusha programu inayojua hali tatu tu. Toleo liwekeni kwenye anwani, /v2/, kwani huonekana mara moja kwenye kumbukumbu za seva. Mkilipitisha kwenye heda ya Accept (heda ni mstari wa maelezo unaoambatana na ombi au jibu), lazima jibu liwe na heda ya Vary: Accept, la sivyo kache, yaani hifadhi ya muda ya majibu, inaweza kumpa mtu wa v2 jibu la v1.

SWALI: Na v1 tuizime vipi?

JIBU: Kwanza hesabuni maombi ya v1 kwa kila ufunguo wa mteja, ili mjue wa kumwandikia. Kwenye majibu wekeni heda ya Deprecation, inayosema toleo halipendekezwi tena (waraka wa kanuni za intaneti RFC 9745), na ya Sunset, inayotaja siku ya kulizima (RFC 8594). Tarehe zake haziandikwi sawa: ya kwanza ni @ ikifuatwa na sekunde tangu 1970, ya pili ni tarehe ya kawaida ya HTTP. Heda peke yake hazitoshi, maana ni wachache wanaozisoma.

Kwa hiyo wiki chache kabla ya siku ya kuizima, izimeni kwa majaribio kwa dakika kumi saa za kazi, mkirudisha 410 (namba ya jibu inayosema "kimeondolewa") yenye maelezo na kiungo cha v2. Wekeni pia heda ya Cache-Control: no-store, inayokataza kuhifadhi jibu, kwa sababu 410 huweza kuhifadhiwa na kache, na dakika kumi zenu zikageuka saa kadhaa.