Broila hasubiri harusi: kwa nyie mnaoanza kufuga hapa Tanga

Wadogo zangu, juzi nimepita kwa kijana mmoja Pongwe nikakuta broila wake, hawa kuku wa nyama, wana siku 50, eti anasubiri bei ipande. Usingizi ulinikata. Naombeni mnisikilize.

1. Hesabu siku. Broila ni wiki 5 mpaka 6, akigonga kilo 2 anatoka. Mimi nilipewa oda na mama mmoja, kuku 200 wa harusi, maneno matupu bila advansi, harusi ikasogezwa wiki 2 nikamwambia hamna shida mama, na ni Januari hiyo, kaskazi, joto la huku mnalijua. Karibu mfuko mzima wa finisha, chakula chao cha mwisho kabla ya kuuzwa, wa kilo 50 kila siku unaondoka. Siku ya 51, saa nane mchana, umeme ukakatika, feni zikazima, mimi niko Ngamiani. Narudi, toka getini nasikia wanavyohema, banda zima linahema. Wametandaza mabawa, midomo wazi, ukimgusa kifua kina moto. Tukaanza kuwamwagia maji mimi na mke wangu, kuku wa kilo 3 umemkumbatia unasikia moyo unapiga mbiombio, halafu kimya. Tulizika 63 jioni ile. Kuku yule nyama inakua haraka kuliko moyo na mapafu, kila siku unayomuongezea ni hatari tupu jamani!

2. Mteja kwanza, vifaranga baadaye. Na advansi.

3. Chanjo za magonjwa ni hivi: siku ya 7 kideri, ya 14 gamboro, ya 21 kideri tena. Usichanganyie chanjo kwenye maji ya bomba yenye klorini, yanaiua.

4. Leya, kuku wa mayai, ana hesabu yake. Anaanza kutaga wiki ya 18 mpaka 20, ukifika wiki ya 72 hadi 80 trei za mayai zinapungua na maganda yanakuwa mepesi, muuze, wenye supu wanamtafuta kwa ile nyama yake ngumu. Kuna dada yangu Mabokweni ana leya 300 wa miaka 3 kasoro, anawaonea huruma. Dada, bakisha watatu wa uani, wanaweza kuishi miaka 5 hata 8, ila hao wengine wanakula ada ya watoto.

Na wewe wa Pongwe, leo wako siku ya 52. Watoe kesho alfajiri kabla jua halijachomoza, matenga usiyajaze.